Malindi, Watamu, Gede hadi Jilore kwa baiskeli bila kubanana na magari: njia ya wachuuzi wa samaki

Mwalimu_Barani (mwanzisha uzi) · Jumamosi, saa 2:10 usiku

Masalkheri wanajamvi.

Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi. Leo nauandika kwa sababu vijana wawili wa mtaani kwangu wameniuliza: wakitaka kwenda Watamu kwa baiskeli, wapite wapi wasife. Ndilo neno walilotumia, wasife. Wana miaka kumi na sita.

Swali lao nalijua kwa mwili wangu. Miaka sita iliyopita nilikuwa natoka Gede kurudi Malindi kwa barabara kuu, magharibi imekaribia. Basi likanipita huku lori likija upande wa pili, na dereva akaona heri anibane mimi. Kioo cha pembeni kilinigonga bega. Nikaangukia changarawe, nikavunjika mtulinga, nikakaa wiki nane mkono umefungwa shingoni. Basi halikusimama. Aliyeniokota ni mama muuza mahindi aliyeacha jiko lake likiwaka, akaja akanishika kichwa na kuniambia nisijigeuze. Mama yule namwombea dua mpaka leo.

Nilipopona nilikaa miezi sijaigusa baiskeli. Kilichonirudisha ni kumkumbuka marehemu baba. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alipakia kikapu juu ya keria ya baiskeli yake ya Black Mamba pale Mayungu, akaingia Malindi kabla jua halijawa kali, na sikumbuki hata siku moja akisimulia habari ya gari. Sasa alikuwa akipita wapi? Nikamwendea mzee mmoja aliyechuuza naye. Alinichorea njia kwa ncha ya bakora, mchangani, mbele ya mlango wake. Nikaifuata kesho yake. Ipo. Nimeshaipita zaidi ya mara arubaini na sijawahi kupigiwa honi.

Basi shikeni.

Toka mjini kwa njia ya Kasuarina, ile inayoambatana na pwani hadi lango la hifadhi ya bahari. Asubuhi mapema magari ni machache. Kutoka huko shika kusini kwa njia ya vumbi kuelekea Mayungu. Hapo ndipo utulivu unapoanza: vichaka upande huu, upande wa pili harufu ya bahari, na unaokutana nao ni watu wa miguu, mbuzi na bodaboda moja moja. Mayungu simama bandarini. Ukifika kabla ya saa mbili asubuhi utakuta mashua zikiingia na mnada unaendelea, na wachuuzi wa baiskeli bado wapo, vikapu vimefunikwa majani mabichi. Hawa ndio warithi wa njia hii, wasalimu. Kutoka Mayungu unaendelea kusini mpaka upande wa Jacaranda, kisha Watamu. Kwa mwendo wa kuzungumza, bila kukimbia, ni kama saa mbili na nusu kutoka Malindi.

Watamu usishike barabara ya lami ya kwenda Gede. Ingia ndani, pita kwa vijia vya mashambani upande wa Timboni, kati ya minazi na mikorosho. Vijia ni vingi na vinachanganya. Uliza kila penye njia panda, watu watakuelekeza kwa furaha. Utatokea karibu na magofu.

Magofu ya Gede nataka kuyakalia kidogo, maana wengi wetu tuliyaona mara moja tu, siku ya ziara ya shule, tukipigwa foleni. Nendeni tena. Baiskeli unaiacha langoni, unaingia kwa miguu. Mji huu ulikaliwa tangu karne ya 12 hivi, au hata kabla, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, halafu msitu ukaufunika. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba kuanzia mwaka 1948 hadi 1958. Mwaka 2024 UNESCO imeuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuna kaburi lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mimi huanza kwa kaburi lile. Namwambia mtoto niliyefuatana naye asome nambari, kisha ahesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Kisha tunaingia Msikiti Mkuu, tunatazama juu ya tao la mlango ulioko upande wa mashariki: pamechongwa ncha ya mkuki, pana kama jani la mkungu. Ukifika umetoka jasho, umekaa juu ya ukuta wa matumbawe uliopoa kivulini, kima wanaruka juu ya mibuyu, unauelewa mji ule kuliko aliyeteremka garini dakika tano zilizopita. Umefika kama walivyokuwa wakifika wenyewe, kwa mwendo wa mwili.

Sababu ya watu kuhama hutajwa nyingi: uvamizi wa Wazimba mwishoni mwa karne ya 16, kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini, na maji ya visima kushuka. Mimi hili la maji ndilo linalonishika, kwa sababu nimekipita kisima kimojawapo mle magofuni nikiwa na chupa mbili tupu.

Kipande cha msitu nitakiandika kesho inshallah, ni kirefu na kinahitaji tahadhari.

---

Binti_Shela · Jumamosi, saa 2:48 usiku

Mwalimu, shikamoo. Pole sana kwa yaliyokupata, na Mola amrehemu mzee wako.

Mimi naendesha tangu nikiwa msichana. Nimeolewa, nina watoto wawili, na bado naendesha, buibui na kila kitu. Nawaandikia wanawake wenzangu wanaosoma kimya kimya. Njia hii ya Mayungu inatufaa kuliko ya lami kwa sababu ya kasi. Lami inakulazimisha ukimbie, na ukikimbia nguo inaingia kwenye mnyororo. Fundi wangu amenitengenezea kinga ya mnyororo kwa bati la debe, na wavu wa uzi wa nyavu za samaki kwenye gurudumu la nyuma, umefungwa kutoka bawa la tairi hadi kwenye ekseli. Hauonekani kwa mbali, lakini buibui haliguswi. Sijawahi kukwama tangu auweke.

Kingine, anzeni baada tu ya sala ya alfajiri. Njia ina watu saa hizo, wanaokwenda kisimani na wanaokwenda pwani. Ni saa yenye heshima.

---

Nipo_Nairobi · Jumamosi, saa 3:20 usiku

Nimesoma mpaka nimehisi harufu ya Mayungu. Mimi mzaliwa wa Malindi, niko huku miaka kumi sasa. Desemba nakuja na baiskeli kwenye basi. Swali: nianzie Malindi kwenda Watamu, au nianzie Watamu nirudi Malindi?

---

Mwalimu_Barani · Jumamosi, saa 3:41 usiku

Karibu nyumbani kaka. Jibu lako liko kwenye pepo. Desemba ni kaskazi, upepo unatoka Malindi kwenda Watamu, kwa hiyo anzia Malindi ukusukume mgongoni. Kaskazi inashika kuanzia Novemba hadi Machi. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, geuza: panda matatu mpaka Watamu, baiskeli juu ya paa, kisha rudi kwa tairi. Niliwahi kuikaidi kusi mwezi wa saba, nikatumia saa nne kwa njia ya saa mbili na nusu, na mchanga ukanijaa mpaka masikioni. Wazee walipanga safari za majahazi kwa pepo hizi hizi na baiskeli ya tairi nene haina tofauti kubwa na tanga.

Mvua kubwa ya Aprili, Mei mpaka Juni, vijia vya Timboni vinakuwa matope mazito. Bora utulie.

---

Fundi_Maweni · Jumapili, saa 1:05 asubuhi

Mwalimu kaeleza njia, mimi nieleze chombo. Nina kibanda cha baiskeli mwaka wa kumi na tisa huu.

Watu huniletea baiskeli zimekufa kwa chumvi wakidhani zimechoka. Chumvi ndiyo adui wa kwanza pwani. Ukirudi safari ya Mayungu, hata kama hukukanyaga maji, mimina maji ya kisima yasiyo na chumvi kwenye mnyororo, gia na spoku. Futa kwa kitambaa kikavu. Acha juani robo saa. Kisha tia mafuta ya cherehani tone moja moja kila pingili, huku unazungusha pedali kinyume, halafu futa tena yale yaliyozidi. Hayo yaliyozidi watu huyaacha, na ndiyo yanayokamata mchanga yakawa kama msasa. Dakika ishirini tu. Mnyororo wa mteja wangu mmoja anayefanya hivi una miaka minne. Wa jirani yake asiyefanya ulikatika ukiwa na miezi mitano.

Mchangani punguza upepo wa tairi. Bonyeza kwa kidole gumba: likibonyea kidogo ndiyo saizi. Tairi gumu linachimba, tairi laini linaelea. Ila ukirudi kwenye njia ngumu tia upepo tena, la sivyo rimu itakula tyubu.

Miba. Huku kwetu wa mgunga ndio mbaya, mweupe, mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Ukiuchomoa tairini usiridhike. Geuza tairi ndani nje, pitisha vidole polepole mzunguko mzima. Mara nyingi ncha imekatikia ndani na hauioni kwa macho, unaihisi tu kama chembe ya mchanga isiyosogea. Ukiiacha utaziba pancha leo, na baada ya kilomita mbili imetoboka pale pale. Beba viraka, gundi, kipande cha msasa, pampu na tyubu moja ya akiba. Msituni hakuna fundi.

---

Mwalimu_Barani · Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Fundi, ahsante. Hilo la ncha ya mwiba limenipata mara mbili.

Sasa Arabuko-Sokoke.

Tuanze na kuvuka barabara kuu pale Gede. Hakuna njia ya kuikwepa. Shuka, sukuma, tazama mara mbili, vuka kwa miguu. Kituo cha msitu kiko kusini kidogo ya Gede kwa barabara ya Mombasa. Tembea pembeni kabisa, kwenye kijia cha waenda kwa miguu, usipande lami hata kama iko tupu.

Kituoni unaandikisha jina, unalipa kiingilio, na unachukua mwongozaji. Naomba msilikwepe hili la mwongozaji. Msitu una ndovu, na ndovu hawaonekani mpaka umekaribia mno. Uzio wa umeme umewekwa kuwazuia wasitoke kwenda mashambani, na wewe ukiingia ndani uko upande wao. Mwongozaji anajua wamelala wapi jana. Siku moja wetu alinyanyua mkono, tukasimama, akagusa kinyesi kwa mgongo wa mkono, kikiwa bado na joto. Tukageuza baiskeli bila neno. Hatukuwaona, na nilishukuru.

Huu ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, kama kilomita za mraba 420. Wengi tunauona kama ukuta wa kijani pembeni mwa barabara. Kwa baiskeli unagundua kwamba ni misitu mitatu, na unaitambua kwa tairi kabla ya kuitambua kwa jicho. Upande wa mashariki, karibu na barabara, ardhi ni ya kijivu na tairi linakwenda vizuri. Hapa ni msitu mchanganyiko, utaona mbambakofi na miti mingi mirefu. Ukizidi ndani mchanga unageuka mweupe, mwepesi, tairi linaanza kuyumba: umeingia kwenye miti ya mirihi. Mirihi imeachana, mwanga unashuka mpaka chini, upepo unapita. Ukizidi magharibi, udongo unakuwa mwekundu na mgumu, miti inasongamana, inakuwa mifupi, kimya. Huko kwenye udongo mwekundu ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi shubiri moja. Duniani kote anapatikana mahali pachache mno, hapa na chini ya milima ya Usambara kule Tanzania vikiwemo.

Na sengi. Ni mnyama wa nusu kilo hivi, pua ndefu inayochezacheza, mwili wa hudhurungi, na kiunoni ana manyoya ya rangi ya dhahabu kama aliyekalia rangi mbichi. Gari halimwoni sengi. Anasikia injini mbali, anaondoka. Baiskeli, ukiacha kukanyaga na kuiacha itiririke yenyewe kwenye mteremko mdogo, unafika karibu. Kwanza unasikia majani makavu yakichakarika, kisha yananyamaza, kisha unaona ule mng'ao wa dhahabu ukivuka njia. Mara moja tu. Mwanangu wa kike alipomwona alinikamata shati kwa nyuma hakuniachia mpaka tulipofika mbele.

Kuna kilima cha Nyari upande wa magharibi, ukipanda unaona msitu wote, kisha hori la Mida na mikoko yake, kisha bahari. Ni kupanda kwa kusukuma, sikufichi. Lakini mtu wa Malindi anapaswa kusimama pale walau mara moja maishani aone anaishi katikati ya nini.

Kutoka hapo, mwongozaji akikubali na hali ya njia ikiruhusu, mnashika kaskazini mnatokea Jilore, kisha Kakuyuni, kisha Malindi. Ni safari ya siku nzima. Beba maji lita tatu kila mtu. Anayeanza asijaribu mzunguko wote. Aishie Gede, arudi.

---

Mtoto_wa_Timboni · Jumapili, saa 6:15 mchana

Mwalimu nakuheshimu sana, lakini niseme lililo moyoni. Mimi ni mkaazi wa hivyo vijia unavyovielekeza. Vijia vinafungwa. Mwaka jana kijia tulichokipita tangu babu zetu kwenda pwani kimepigwa ukuta, tukaambiwa shamba lina mwenyewe. Nyanya yangu sasa anazunguka nusu saa kwenda mahali ambapo alifika kwa dakika saba. Na kila mahali panaposifiwa, baada ya muda anakuja mtu na mawe ya kupimia. Ukiwaleta watu wengi huoni tutafungiwa vyote?

---

Mwalimu_Barani · Jumapili, saa 7:02 mchana

Mwanangu, hoja yako ni nzito. Nimeisoma mara tatu kabla ya kujibu.

Naona hivi. Kijia kinachopitwa na watu kila siku ni kigumu kukifunga kuliko kile kilichoota nyasi. Ukuta wa kwenu ulipigwa mahali ambapo vijana wengi walikuwa wameshaacha kupita, wameshapanda bodaboda kwa barabara kuu, wamebaki wazee na akina mama. Aliyepiga ukuta aliona wachache. Ndiyo maana nataka vijana wetu wapite, hasa wa kwetu, na wapite kila wiki. Sikuuandika uzi huu kwa ajili ya makundi ya magari yenye baiskeli mgongoni.

Lakini una haki kwamba sikusema lolote kuhusu ruhusa na adabu. Nalisema sasa. Hivi ni viambo vya watu. Ukiingia uani mwa mtu, shuka kwenye baiskeli, toa salamu, sukuma mpaka uutoke. Kwa Wagiriama anza na "Mwalamukadze" asubuhi. Utaona uso unavyofunguka. Korosho iliyoanguka njiani ina mwenyewe. Madafu nunua kwa mwenye mnazi, usimwambie mtoto apande. Na mahali popote ukiona ukuta mpya umekata njia, andika tarehe, piga picha ya ukuta peke yake, mpelekee mzee wa mtaa na chifu. Kama mtaandika, nitakuja kutia sahihi na wanafunzi wangu wa zamani niwalete.

---

Mtoto_wa_Timboni · Jumapili, saa 7:30 mchana

Nimekuelewa. Jumamosi mkija, nikiwepo, nitawapitisha mwenyewe. Kuna kijia kimoja nyuma ya mashamba ambacho hujakitaja, kina kivuli mwanzo mwisho. Sitakiandika hapa.

---

Mmu_wa_Langoni · Jumapili, saa 10:50 jioni

Salaam kutoka Amu, yaani Lamu. Nafurahi mno kuusoma uzi huu, ila wengine humu huniuliza mbona wasije Lamu ambako karibu hakuna magari. Nataka nilifafanue, maana kila mwaka naona mgeni akiteremka gatini na baiskeli ya bei na uso unamshuka.

Mji wetu wa kale, ulioingia urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa ajili ya miguu na punda. Vichochoro vingine punda mwenye shehena akipita inakubidi ujibanze mlangoni. Kuna ngazi, mifereji, vizee vimekaa barazani na watoto wanachomoka kila kona. Hapa baiskeli ni usumbufu, na sisi wenyewe hatuitamani mle ndani. Ukitaka kuendesha kisiwani, pwani ya Shela maji yakipwa ni pana na ndefu. Njia ya Matondoni, kwa mafundi wa majahazi, ni ya mchanga mwingi. Mimi huiendea kwa miguu na naona ndiyo mwendo wake.

Na kuhusu pwani, nawakumbusha jambo ambalo Mwalimu hakuligusa: maji. Msiendeshe pwani bila kujua maji yako wapi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa hadi mwisho yapata saa nne za asubuhi, na ufuo unakuwa mgumu kama sakafu. Siku za maji mafu hayapwi vya kutosha na utasukuma baiskeli mchana kutwa. Mwenye kujua mwezi hahitaji simu.

---

Binti_Shela · Jumapili, saa 11:20 jioni

Kaka wa Amu ahsante. Niongeze: mkiwa ufuoni kaeni kwenye mchanga ulioloa, chini ya alama ya maji. Mchanga mkavu wa juu ndiko kasa wanakotaga, Watamu hasa. Tairi moja juu ya shimo la mayai inatosha kuharibu. Nimeona mahali palipozungushiwa vijiti, tafadhali msipasogelee.

---

Nipo_Nairobi · Jumatatu, saa 3:00 asubuhi

Na Mambrui je? Baba yangu ana miaka sitini na nne, anaendesha taratibu, anataka kuliona kaburi la mnara lenye sahani za Kichina kabla hajazeeka zaidi. Kuna njia ya pembeni?

---

Mwalimu_Barani · Jumatatu, saa 3:40 asubuhi

Mshikie mzee mkono kwa niaba yangu.

Tatizo la Mambrui ni mto Sabaki. Daraja ni moja na ni la magari. Kabla yake na baada yake vijia vipo, lakini darajani hakuna ujanja. Ushauri wangu kwa mzee: mpakieni na baiskeli yake kwenye tuktuk au pikapu mpaka mvuke daraja, kisha ashuke, na kutoka hapo mwende kwa njia za ndani mpaka Mambrui. Mji uko kama kilomita 15 kutoka Malindi, kwa hiyo kitakachobaki cha kuendesha si kirefu. Vaeni kwa staha, ni mji wa kidini na una madrasa za siku nyingi. Wakati wa kurudi, mkiwa na muda, simameni mdomoni mwa mto alasiri. Ndege ni wengi, na siku zingine heroe wanakuwepo.

---

Fundi_Maweni · Jumatatu, saa 4:15 asubuhi

Mzee aje kwangu kwanza nimwinulie kiti. Wazee wengi wanaendesha kiti kiko chini, magoti yanauma wanadhani ni uzee. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini, mguu uwe umenyooka. Hiyo ndiyo saizi. Silipishi.

---

Mwalimu_Barani · Jumamosi iliyofuata, saa 12:40 jioni

Tumerudi sasa hivi. Tulikuwa tisa: wale vijana wawili, Binti_Shela na mwanawe wa kwanza, Fundi, wanafunzi wangu watatu wa zamani, na mimi. Mtoto_wa_Timboni alitupokea penye mkorosho mkubwa, akatupitisha kwenye kijia chake kama alivyoahidi. Ni kweli kina kivuli mwanzo mwisho.

Pancha tatu. Zote mwiba wa mgunga. Ya tatu Fundi alimwachia kijana mmoja azibe mwenyewe. Alipitisha vidole ndani ya tairi mara mbili bila kuona kitu, akataka kulirudisha. Fundi akamwambia apitishe tena, polepole, macho amefumba. Akaipata ncha.

Nyanya yake Mtoto_wa_Timboni alitukaribisha mahamri na mbaazi, chai ya mkandaa. Tulipomaliza alituuliza kama tutapita tena wiki ijayo. Kijana yule wa miaka kumi na sita ndiye aliyemjibu, kabla yangu.

Jumamosi ijayo tunaondoka Malindi saa kumi na mbili asubuhi, mwanzo wa njia ya Kasuarina. Ni bamvua. Leteni maji na tyubu ya akiba.